Mwisho wa Reli: Wauzaji wa Mifumo na Wanunuzi Wao Katika Mwambao wa Tanganyika

Soko la teknolojia ya taasisi ni lile ambalo mnunuzi wake ni halmashauri, benki, hospitali, bandari, idara ya forodha au shirika, na bidhaa yake ni mfumo mzima unaoendesha shughuli za kila siku: programu ya uhasibu, seva inayotunza kumbukumbu, mitambo inayounganisha ofisi na ofisi, pamoja na ahadi kwamba vyote hivyo vitaendelea kufanya kazi baada ya muuzaji kupokea fedha zake. Ahadi hiyo ndiyo inayolitenga soko hili na soko la simu za mkononi, kwa kuwa mtu aliyenunua simu mbovu hununua nyingine, ilhali halmashauri iliyonunua mfumo mbovu hukaa nao kwa miaka, huku malipo yakichelewa, hesabu zikikataa kufungwa na wakaguzi wakidai majibu. Kwa hiyo soko la namna hii linapobadilika, kwa sababu ya sheria mpya, nguvu mpya ya umeme, njia mpya ya mawasiliano au uamuzi wa mnunuzi kujitengenezea mwenyewe, muuzaji hulazimika kubadili mengi zaidi ya bei, maana alichokuwa akiuza tangu mwanzo ni uhusiano wa muda mrefu.

Habari za mabadiliko hayo husimuliwa mara nyingi kutoka California au Ujerumani, yaliko makao makuu ya kampuni zinazotengeneza mifumo, na kwa sababu hiyo hufuata macho ya muuzaji. Sura hii inayatazama kutoka Kigoma, takribani kilomita 1,250 kwa reli kutoka Dar es Salaam, mahali ambapo Reli ya Kati iliyofika ziwani mwaka 1914 inakoma na meli za Bujumbura, Uvira, Kalemie na Mpulungu zinaanzia. Mkoa huu wenye wakazi zaidi ya milioni 2.4 kwa hesabu ya sensa ya 2022 una halmashauri nane, hospitali ya rufaa ya Maweni, bandari, forodha, matawi ya benki, kambi za wakimbizi na hifadhi ya Gombe, na kila moja ya taasisi hizo imewahi kununua mfumo uliobuniwa mbali sana na ziwa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kila soko lilipogeuka, muuzaji aliyedumu mwambao huu alikuwa na habari za mapema kutoka kwa mnunuzi wa mwisho wa reli, na alikuwa na fundi wa kufika pale mfumo unapokwama. Aliyekosa kimojawapo aliondoka, hata kama bidhaa yake ilikuwa bora.

Hoja hiyo haikuanza na kompyuta. Katika karne ya 19 soko la Ujiji lilikuwa na sarafu yake, shanga zilizoitwa sofi, na wafanyabiashara wa pwani walileta pia shanga za aina nyingine nyingi, sehemu kubwa zikiwa zimetengenezwa Venice na kupitia Unguja. Richard Burton, aliyefika Ujiji mwaka 1858, aliandika kwa kirefu jinsi kila nchi ya bara ilivyokuwa na rangi na umbo ililolipenda, na jinsi upendeleo huo ulivyobadilika, kiasi kwamba msafara uliobeba shanga zisizotakiwa ungeweza kushindwa kununua hata chakula cha wapagazi. Mfanyabiashara wa Unguja aliyetaka kupona alihitaji kujua kinachovaliwa na kupokelewa Ujiji kabla ya kuagiza mzigo Ulaya, na kwa kuwa safari ya kwenda na kurudi ilichukua miezi mingi, thamani ya taarifa ilikaribiana na thamani ya mzigo wenyewe. Reli ilipochagua kuishia kwenye ghuba ya Kigoma badala ya Ujiji, biashara kubwa ilihama kilomita chache tu, na umbali huo mdogo ulitosha kuupunguzia mji wa kale uzito wake.

Upande wa fundi, mfano ulio wazi kuliko yote bado unaelea ziwani. Meli ambayo leo inaitwa Liemba ilijengwa mwaka 1913 na kampuni ya Meyer ya mji wa Papenburg, Ujerumani, ikiwa na jina la Graf von Goetzen, kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000 na kusafirishwa hadi Kigoma. Meyer hawakutuma makasha peke yake. Walituma watu wao watatu, Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann, waisimamie kazi ya kuiunga upya, na meli ikaingia majini mwaka 1915. Vita vilipowalazimisha Wajerumani kuizamisha wenyewe Julai 1916, mafundi hao waliipaka mitambo yake grisi nzito ili maji yasiile. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 waliikuta mitambo ikiwa bado inafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina jipya. Muuzaji wa Papenburg hakuwa tena na mkataba wowote na mnunuzi wake wakati huo, lakini uangalifu wa watu wake watatu uliipa bidhaa yake uhai uliovuka mkataba, utawala na karne. Ni vigumu kupata, katika historia yote ya biashara ya mitambo Afrika Mashariki, ushahidi mzito kuliko huo wa maana ya huduma baada ya mauzo.

Serikali kama mnunuzi

Katika nchi ambayo serikali ndiye mnunuzi mkubwa wa mifumo, mabadiliko makubwa ya soko huanzia katika maamuzi yake. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania, aina ya ICT 1500 kutoka Uingereza, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kufikia 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba. Mwaka huohuo, baada ya juhudi za kuhamishia hesabu za serikali katika kompyuta kuleta gharama na mkanganyiko mkubwa kuliko faida, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, amri iliyolegezwa polepole kadiri uchumi ulivyofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980. Mara nyingi marufuku hayo yametajwa kama woga wa maendeleo. Tafsiri hiyo haitoshi, kwa kuwa mnunuzi aliyeuziwa mashine bila kuuziwa ujuzi wa kuiendesha, na ambaye kila hitilafu ilimlazimu kumwita mtaalamu wa kigeni, alikuwa na sababu ya haki ya kusimamisha ununuzi hadi ajue anachonunua.

Serikali iliporudi sokoni mwishoni mwa miaka ya 1990 ilichagua programu ya uhasibu iliyoitwa Platinum, ya kampuni ya Marekani ambayo mwaka 1999 ilibadili jina na kuwa Epicor. Mpango wa biashara yake ulikuwa ule uliotawala dunia wakati huo, yaani leseni ya kudumu: mnunuzi hulipa mara moja haki ya kuitumia programu, halafu kila mwaka hulipa ada ya matengenezo inayompa marekebisho na toleo jipya, huku msimbo chanzo, maana yake maandishi ya ndani yanayoifanya programu iwe ilivyo, ukibaki mali ya mtengenezaji. Kwa kuwa mtengenezaji hakuwa na ofisi nchini, kazi ya kufunga, kufundisha na kutengeneza ilifanywa na mshirika wake wa Dar es Salaam, kampuni ya Soft-Tech Consultants, na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo wasomaji wa historia ya teknolojia nchini hawajalipa uzito unaostahili. Ujuzi uliokusanywa katika kuzihamisha wizara za Tanzania kutoka vitabu vya hesabu kwenda kwenye mfumo ukawa wenyewe ni bidhaa, na Malawi ilipotafuta mfumo wa fedha katika miaka ya 2000 ilikuja kuuchukua Dar es Salaam. Muuzaji wa ndani alikuwa amegundua kwamba faida ya kudumu iko katika kumjua mhasibu wa serikali, mazoea yake, sheria zake na hofu zake, zaidi ya katika kuuza sanduku la programu.

Katika halmashauri mabadiliko yalikuja kwa hatua. Seva iliyofungwa ndani ya ofisi ya halmashauri ilihitaji chumba chenye ubaridi, umeme usiokatika na mtu wa kuilinda, na Kigoma ilikuwa na uhaba wa vyote vitatu. Kwa hiyo uamuzi wa kuanzia mwaka 2012 wa kuweka toleo jipya la Epicor katika seva za kati, halmashauri ziingie kupitia mtandao, ulikuwa nafuu kwa mweka hazina wa Kibondo au Kasulu. Lakini nafuu hiyo ilikuwa na bei yake, kwani kuanzia siku hiyo mfumo ulisimama si kwa sababu ya seva kuharibika tu, bali hata kwa kukatika kwa njia ya mawasiliano mahali popote kati ya Kigoma na makao makuu. Tatizo lilihama kutoka chumba cha seva kwenda barabarani, na aliyekuwa akihitajika sasa alikuwa mtu wa mtandao. Wauzaji waliokuwa wamezoea kuuza seva na kuondoka walijikuta wakipoteza zabuni kwa wale walioweza kuuza uhakika wa njia.

Badiliko kubwa kuliko yote lilifuata. Wakala ya Serikali Mtandao, iliyoanzishwa mwaka 2012, ilipewa nguvu ya kuwa Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019, na katika kipindi hicho serikali iligeuka kutoka mnunuzi wa mifumo kuwa mjenzi wake. Mfumo wa malipo wa GePG ulioanza mwaka 2017 uliunganisha benki zote na kampuni za simu katika mlango mmoja, ambapo mlipaji hupewa kumbukumbu namba na kulipa popote alipo. Mfumo wa Ulipaji Serikalini, ujulikanao kama MUSE, ulichukua nafasi ya Epicor kwanza katika wizara na kisha katika halmashauri. Mfumo wa taarifa za watumishi na mishahara uliokuwa ukitumia programu ya Lawson ya Marekani, kampuni iliyonunuliwa na Infor mwaka 2011, ulibadilishwa mwaka 2021 kwa mfumo uliosanifiwa na wataalamu wa ndani. Mwaka 2023 ikafika zamu ya mfumo wa ununuzi wenyewe: TANePS, uliojengwa na kampuni ya European Dynamics ya Ulaya, uliondoka na NeST uliojengwa nchini ukaingia.

Mfululizo huo wa matukio una maana kubwa kuliko orodha ya majina. Kwa muuzaji wa kigeni, serikali iliacha kulipa ada ya leseni ya mifumo hiyo katika muda usiozidi miaka sita. Wengine walihamishia nguvu katika masoko mengine, na inafaa kukumbuka kwamba mfumo wa ununuzi wa umma wa Zambia, nchi nyingine inayogusa ziwa hili, ulitoka kwa European Dynamics hiyohiyo. Kwa benki na kampuni za simu, ambazo kabla ya hapo zilikuwa zikishindania mkataba wa kukusanya mapato ya kila taasisi peke yake, GePG ilifuta faida ya kuwa na mkataba wa pekee. Jibu lao lilikuwa kuunganisha mifumo yao na mlango huo na kushindana kwa wingi wa mawakala na ukaribu wa huduma, jambo lililomfaa mlipaji wa Uvinza aliyekuwa akifunga safari kwenda mjini ili kulipa tozo. Kwa mwenye duka la vifaa vya kompyuta mjini Kigoma, NeST iliondoa ulazima wa kupeleka makabrasha ya zabuni kwa mkono, ingawa pia ilimfungulia mlango mshindani wa Mwanza na Dar es Salaam.

Uamuzi wa kujenga ndani ulikuwa sahihi. Fedha zilizokuwa zikienda nje kila mwaka zilibaki, na muhimu zaidi, kijana wa Kitanzania aliyeandika msimbo anaweza kuubadilisha sheria inapobadilika bila kusubiri toleo jipya kutoka ng'ambo. Hata hivyo uamuzi huo ulihamisha mzigo, haukuufuta: serikali sasa ni muuzaji wa mifumo kwa halmashauri zake, na inapaswa kupimwa kwa kipimo kilekile ilichowapimia wauzaji wa kigeni. Usiku wa Juni 30, mwaka wa fedha unapofungwa na maelfu ya watumishi nchi nzima wameingia katika mfumo kwa wakati mmoja, mhasibu wa Kakonko ambaye ukurasa wake haufunguki hana tofauti na mhasibu wa mwaka 2005 aliyesubiri simu kutoka kwa mshirika wa Epicor. Afisa TEHAMA wa halmashauri, ambaye mara nyingi ni mmoja au wawili kwa wilaya nzima, amekuwa ndiye uso wa muuzaji mbele ya mtumiaji, bila kuwa na mamlaka ya kuugusa mfumo wenyewe. Anayebeba lawama apewe na ufunguo.

Umeme, mkongo na dishi

Muuzaji wa mifumo hupanda juu ya mabega ya muuzaji wa umeme na muuzaji wa mawasiliano, na katika mkoa wa Kigoma mabega hayo yalikuwa dhaifu kwa muda mrefu. Mkoa ulikuwa nje ya gridi ya taifa, ukitegemea majenereta ya dizeli ya shirika la umeme, TANESCO, hadi gridi ilipoanza kuingia mwaka 2022. Kabla ya hapo kila taasisi iliyonunua kompyuta ilinunua pia betri ya akiba, stabilaiza na mara nyingi jenereta yake yenyewe, na muuzaji mwenye busara alijua kwamba mashine ya bei nafuu isiyostahimili umeme wa kupanda na kushuka ingemrudia dukani ndani ya miezi michache. Gridi ilipofika haikuua biashara ya akiba ya umeme. Iliibadilisha tu, kutoka kumlinda mteja dhidi ya giza la kila siku kwenda kumlinda dhidi ya katizo la ghafla.

Mawasiliano yalibadilika kwa kishindo zaidi. Kabla ya mikongo ya baharini ya SEACOM na EASSy kufika pwani mwaka 2009 na 2010, ofisi yoyote ya Kigoma iliyotaka intaneti ya kutegemewa ilifunga dishi la setilaiti na kulipa bei ambayo benki na mashirika ya kimataifa pekee yaliimudu. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na shirika la simu la TTCL, ulipoenea bara na kufika mpaka wa Burundi kupitia Manyovu, muuza dishi alipoteza sababu ya kuwepo mjini. Alichobakiwa nacho ni njia ya akiba kwa wale ambao shughuli yao haivumilii kukatika, na maeneo ambayo mkongo haujafika, zikiwemo ofisi za misaada katika kambi kama Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996. TTCL yenyewe ilipita katika mageuzi ya kila aina, kutoka shirika lililogawanywa mwaka 1994 na kubinafsishwa kwa sehemu mwaka 2001, hadi kurudi mikononi mwa serikali kikamilifu mwaka 2016. Kampuni za simu nazo ziliacha kushindana kwa idadi ya minara: Vodacom iliiuzia kampuni ya minara ya Helios minara yake mwaka 2013 na kubaki mpangaji juu yake, wakati Halotel, iliyoingia mwaka 2015, ilichagua njia ya kujenga mtandao wake hadi vijijini ambako wengine hawakuona faida. Mwenye kutaka kujua muuzaji anavyousoma upepo wa soko azitazame hatua hizo mbili zilizopishana kwa miaka miwili tu.

Ng'ambo ya ziwa mambo yana sura nyingine. Forodha ya Tanzania iliacha mfumo wa ASYCUDA wa Umoja wa Mataifa na kuhamia TANCIS, uliojengwa kwa ushirikiano na Korea Kusini, katikati ya muongo wa 2010, ilhali Burundi na Kongo zinatumia toleo la mtandaoni la ASYCUDA, ambalo huko linaitwa kwa Kifaransa SYDONIA. Wakala wa forodha wa Kigoma anayepeleka saruji Kalemie huishi basi kati ya familia mbili za mifumo na lugha mbili za ofisi, na ujuzi wake wa kuzivusha nyaraka kutoka moja kwenda nyingine ni huduma ambayo hakuna kampuni ya programu iliyofanikiwa kuchukua nafasi yake. Kwenye mialo, kazi ni nyepesi kidogo: mashine za risiti za kielektroniki zilizoletwa na Mamlaka ya Mapato (TRA) mwaka 2010 zilikuwa sanduku la kununuliwa kwa mzabuni aliyeidhinishwa, na baadaye risiti pepe ndani ya simu ikapunguza haja ya sanduku, kwa hiyo wazabuni wakahama kutoka kuuza mashine kwenda kuuza programu na usajili.

Ramani za Gombe

Mfano ulio bora kabisa wa jinsi mnunuzi wa mwisho wa reli anavyoweza kumfundisha muuzaji unapatikana katika misitu ya kaskazini mwa mji wa Kigoma. Jane Goodall alianza utafiti wake wa sokwe huko Gombe Julai 1960, na mwaka 1994 taasisi inayobeba jina lake ilianzisha mpango wa TACARE, uliowaweka wanavijiji wa mwambao katikati ya kazi ya hifadhi. Mpango huo ulihitaji ramani, kwa sababu mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji hauandikwi bila kuonyesha mto uko wapi, shamba linaishia wapi na msitu unaanzia wapi. Na programu ya ramani iliyotawala soko la dunia ilikuwa ya kampuni ya Esri ya Marekani, programu nzito ya kompyuta ya mezani, ya leseni, iliyohitaji mtaalamu aliyesomea. Picha za setilaiti zilipochapishwa na kutandazwa mbele ya wazee wa kijiji, waliozaliwa pale walitambua kila kichuguu na kila njia ya maji, wakazisahihisha na kuzipa majina, na ramani ikaacha kuwa mali ya mtaalamu.

Ukusanyaji wa taarifa shambani ulileta changamoto ya pili. Walinzi wa misitu wa vijiji walipewa simu zenye programu ya Open Data Kit, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Washington kwa msaada wa Google na kutolewa bure pamoja na msimbo chanzo wake, wakaanza kuandika walichokiona msituni, kuanzia mitego hadi ukataji wa miti, bila kuhitaji mtandao wakati wa doria. Kwa muuzaji wa leseni, hili lilikuwa onyo: kazi ya thamani ilikuwa ikifanyika nje ya programu yake, mikononi mwa watu ambao asingewahi kuwahesabu kama wateja. Jibu la Esri, ambalo halikutokana na Kigoma pekee kwani soko zima la dunia lilikuwa likielekea huko, lilikuwa kuihamishia ramani kwenye mtandao kuanzia mwaka 2012 na kutengeneza programu za simu za kukusanyia taarifa, huku ikiendeleza ushirika wake na taasisi hiyo ya hifadhi hadi kuchapisha, mwaka 2022, kitabu kizima juu ya mbinu ya TACARE. Kampuni hiyo ilipata kwa Kigoma kitu ambacho maonyesho ya biashara hayatoi, yaani ushahidi kwamba programu yake inaweza kutumiwa na mtu wa kijijini kwa manufaa yake mwenyewe. Kijiji nacho kilipata ramani yake. Biashara za namna hii, ambamo pande zote mbili huondoka na kitu cha kweli, ni chache, na zinastahili kusomwa na kila anayeandika mkataba wa teknolojia katika ofisi ya umma.

Leseni inapogeuka kodi ya pango

Badiliko linalowagonga wanunuzi wote hivi sasa, kuanzia benki kubwa hadi hospitali ya misheni, ni kwisha kwa leseni ya kudumu na kuingia kwa malipo ya usajili, ambayo kwa maana yake halisi ni kodi ya pango: mnunuzi hamiliki tena, hupangisha, na akiacha kulipa hutolewa nje. Broadcom ilipoinunua Novemba 2023 kampuni ya VMware, ambayo programu yake huwezesha seva moja kufanya kazi ya seva nyingi, ilitangaza mwezi uliofuata kwamba leseni za kudumu haziuzwi tena. Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya usalama ya bure kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zilizo nzima lakini zisizokidhi masharti ya toleo jipya zikawa zimezeeshwa kwa tamko. Pamoja na hayo, seva zenyewe zinahamia kwenye wingu, yaani vituo vikubwa vya data vinavyopangishwa kupitia mtandao, ambavyo kwa mteja wa Afrika Mashariki vilisogea karibu Amazon ilipofungua kituo chake Cape Town mwaka 2020.

Kwa muuzaji, kodi ya pango ni mapato yasiyokauka. Kwa mnunuzi wa Kigoma, bajeti ya shilingi hukutana na ankara ya dola kila mwaka, na taasisi iliyojenga kazi yake yote juu ya mfumo wa kupanga haiwezi kuacha kulipa hata mwaka ambao fedha hazikuja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeongeza swali la mahali taarifa za wagonjwa na wateja zinapolala, na kwa upande huo wauzaji wameanza kutoa majibu kwa kuweka seva ndani ya nchi. Majibu kuhusu bei bado ni machache mno, na wanunuzi wadogo wa mikoani wana haki ya kuyadai kwa pamoja badala ya kila mmoja kujadiliana peke yake na kampuni yenye mauzo makubwa kuliko bajeti ya mkoa mzima.

Soko la mwambao huu litapanuka. Mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, yenye urefu wa kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na mpango wa kuvusha mkongo chini ya ziwa hadi Kalemie umekwisha kutangazwa. Vyote viwili vitaleta wanunuzi wapya, na nyuma yao wauzaji wapya wenye vipeperushi vizuri. Wakuu wa vitengo vya ununuzi na maafisa TEHAMA wa halmashauri nane za mkoa huu wanaombwa kuandika katika kila zabuni, kabla ya bei, jina la mji atakakokaa fundi, idadi ya saa atakazopewa kufika Kakonko au Uvinza mfumo ukisimama, na kwamba mafunzo na miongozo yote itatolewa kwa Kiswahili. Mzabuni asiyeweza kuyajaza mafungu hayo asipewe kazi.